Kimondo, Isimila, Kalenga, Ngozi au Daraja la Mungu: uende wapi ukiwa na siku moja tu?

Ukiwa na siku moja ya mapumziko na nauli ya safari moja, Nyanda za Juu Kusini zinachanganya kichwa. Huku Mbozi kuna bonge la chuma la tani 16 lililotoka angani. Iringa kuna korongo lililojaa zana za mawe zilizochongwa kabla hakujawa na jembe wala chungu, na mkoani humohumo kuna fuvu la mtu aliyetajwa kwa jina kwenye mkataba uliofunga Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Ukigeukia Rungwe unakuta ziwa lililofungiwa ndani ya mlima, na mto unaopita chini ya daraja la mwamba ambalo hakuna fundi aliyelijenga.

Wengi huchagua kwa picha waliyoiona kwenye simu, kisha wanarudi nyumbani wakilalamika kwamba "kumbe ni jiwe tu". Jiwe halina kosa. Maajabu haya hayafanani: mengine yanakushika ukiyatia machoni tu, mengine hayasemi kitu mpaka ujue unatazama nini. Ukilijua hilo kabla ya kupanda gari, umeshamaliza nusu ya kazi ya kuchagua.

Vigezo vya kulinganisha

Cha kwanza ni pale unapolala. Kutoka Mbeya mjini hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300 za barabara kuu yenye malori, matuta na vibao vya mwendo wa 50. Anayepanga kuona Kimondo asubuhi na Kalenga jioni hajaipima ramani. Kimondo, Ngozi na Daraja la Mungu ni safari za mtu aliyelala Mbeya au Tukuyu. Isimila na Kalenga ni za aliyelala Iringa, na anayetoka Mafinga anaweza pia akiwahi.

Cha pili ni jicho na sikio: je, kitu chenyewe kinajieleza, au kinahitaji msimulizi?

Cha tatu ni ushahidi. Kila sehemu ina yaliyopimwa na yanayosimuliwa. Yote yana nafasi yake, ila anayeongoza watoto anapaswa kujua lipi ni lipi.

Cha nne ni miguu na msimu. Mvua kubwa huanza kati ya Novemba na Desemba hadi Aprili, na Rungwe huendelea kunyesha hata kule kwingine kunapokuwa kumekauka. Udongo ukilowa, kilomita tano za barabara ya ndani zinaweza kula muda kuliko hamsini za lami.

Kuhusu malipo, hali inafanana karibu kote. Viingilio hubadilika, kwa hiyo piga simu au uliza kabla. Kwenye vituo vya serikali malipo hufanywa kwa kontroo namba, na noti mkononi inaweza isikusaidie. Weka salio kwenye simu ukiwa bado mjini, maana mtandao vijijini hukatika. Beba na kitambulisho, kwa sababu kiingilio cha Mtanzania ni tofauti na cha mgeni.

1. Kimondo cha Mbozi

*Ajabu yake.* Kipo kijiji cha Ndolezi, wilaya ya Mbozi. Vitabu vya zamani vinasema mkoa wa Mbeya kwa sababu Songwe ilikuja kuwa mkoa mwaka 2016. Kina urefu wa takriban mita 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Piga hesabu kidogo: chuma cha uzito huo kina ujazo wa kama mita za ujazo 2. Mwamba wa kawaida wa mlimani wenye ujazo uleule usingefika tani 6. Ni miongoni mwa vimondo vikubwa kabisa vinavyojulikana duniani. Kinachoongoza ni Hoba cha Namibia, chenye takriban tani 60.

Takriban asilimia 90 ya Kimondo ni chuma, na karibu asilimia 9 ni nikeli. Ushahidi uko kwenye hiyo nikeli. Wanyiha wa eneo hilihili walikuwa mafundi hodari wa kuyeyusha chuma kwa tanuri, lakini chuma kinachotoka kwenye udongo wa madini wa kawaida hakibebi nikeli kiasi hicho. Ndiyo maana hoja ya kwamba "huenda ni mabaki ya wahunzi wa kale" haisimami.

Serikali ya kikoloni ilipata habari zake mwaka 1930, mpima ardhi W. H. Nott alipokiona. Wakati huo kilichojitokeza ni mgongo tu, mwili mzima ulikuwa chini ya udongo. Kabla mwaka huo haujaisha, mjiolojia D. R. Grantham alikwenda kukata kipande cha kupimwa. Alitumia msumeno wa chuma wa mkono, na kipande cha sentimita 10 hivi kilimchukua saa 10. Chuma cha namna hii kikisuguliwa hadi kung'aa na kupakwa tindikali, hutoa mistari myembamba inayokatana kwa pembe. Mistari hiyo hutokea pale tu chuma chenye nikeli kinapopoa polepole mno, kwa mamilioni ya miaka, ndani ya tumbo la gimba lililokuwa likizunguka jua. Hakuna karakana duniani inayoweza kuigiza upoaji wa namna hiyo.

Swali ambalo wanafunzi huuliza kila mara ni hili: shimo liko wapi? Halipo. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba kilianguka maelfu ya miaka iliyopita, na mvua, udongo na mizizi vikalifukia na kulisawazisha shimo muda mrefu kabla ya mtu kuja na kamba ya kupimia. Hakuna simulizi la wenyeji kuhusu siku ya kuanguka kwake, na hilo linaendana na umri huo.

*Unachokiona.* Wachimbaji waliondoa udongo pande zote wakaacha kinguzo cha udongo chini yake, kisha kinguzo hicho kikaimarishwa kwa zege. Maana yake Kimondo hakikuinuliwa kikapandishwa jukwaani, kipo palepale kilipokutwa. Ardhi ndiyo iliyoshushwa. Zunguka hadi kwenye ncha nyembamba utafute sehemu iliyokatwa bapa na msumeno, halafu linganisha uso huo na mwili mwingine wenye vishimo na rangi ya kahawia iliyokolea. Mwombe mhifadhi ruhusa ya kujaribu sumaku, hata ile ndogo iliyotolewa kwenye spika iliyokufa. Inanasa. Kwa mtoto wa darasa la tano, sekunde hiyo moja inafundisha kuliko ukurasa mzima wa kitabu.

*Kufika.* Kutoka Mbeya panda gari la Tunduma, mwambie kondakta akushushe njia panda ya Kimondo kabla hujaingia Vwawa, kisha chukua bodaboda kwa kilomita kumi na kitu za barabara ya ndani. Patana bei ya kwenda na kurudi, na umwombe dereva akusubiri, kwa sababu usafiri wa kurudi kutoka Ndolezi si wa uhakika. Kituo kiko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro. Juni 30, Siku ya Vimondo Duniani, huadhimishwa hapo pia. Siku hiyo kuna watu na maelezo mengi, ila usitegemee utulivu.

*Kinachoharibu ziara.* Kufika bila kujua lolote. Kitu chenyewe ni kimoja, unaweza kukizunguka kwa dakika mbili ukajiona umemaliza. Jua la mchana la Septemba na Oktoba nalo hukichemsha chuma, kwa hiyo usimwache mtoto akilalie.

*Kinamfaa nani.* Anayependa sayansi, mwalimu wa fizikia, kemia au jiografia, mzee asiyeweza kupanda mlima, na mtu anayeelekea Tunduma kwa shughuli zake mwenye saa tatu za ziada. Anayetaka mandhari ya kupiga picha nyingi atabaki na kiu.

2. Korongo la Isimila

*Ajabu yake.* Mwaka 1951 mwanafunzi wa shule moja ya Johannesburg, D. A. Maclennan, akiwa njiani kupita hapa, aliokota zana za mawe ndani ya korongo. Mwaka 1957 na 1958 F. Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake wakachimba. Walikuta mashoka ya mkono kwa mamia, na mengine ni makubwa mno: yapo yenye urefu wa karibu sentimita 40 na uzito wa kilo kadhaa. Hapo ndipo wataalamu wanapobishana hadi leo, kwa sababu shoka la uzito huo linachosha mkono haraka. Je, lilitumika kazi gani? Hakuna jibu moja.

Vipimo vilivyofanywa kwa njia ya urani vilitoa umri wa takriban miaka 260,000. Wakati huo hapa palikuwa na ziwa la kina kifupi. Pembeni yake walikuwepo wanyama ambao hawapo tena, akiwemo kiboko aina ya Hippopotamus gorgops, ambaye macho yake yalichomoza juu ya fuvu kuliko ya kiboko wa leo, hivyo aliweza kuchungulia huku karibu mwili wote ukiwa majini.

*Unachokiona.* Ni sehemu mbili. Ya kwanza ni zana zenyewe, nyingine zikiwa kwenye jengo dogo la makumbusho na nyingine kwenye vibanda vilivyojengwa juu ya machimbo. Ya pili ni nguzo za udongo, ndefu za kukulazimisha uinue shingo. Chanzo cha nguzo ni rahisi kukielewa ukiwa pale: tabaka gumu la juu hukinga mchanga laini ulio chini yake, maji ya mvua yanakula pembeni, na kilichokingwa kinabaki kimesimama.

Ili usitoke bila kuona kitu, jifunze kutofautisha shoka la mkono na jiwe la kawaida. Tazama kama limemenywa pande zote mbili, siyo upande mmoja. Tafuta makovu ya vigae vilivyobanduliwa yakifuatana kwenye ukingo, kisha angalia umbo: upande mmoja mnene wa kushika, mwingine ukienda ukichongoka. Zana yenye makali mapana yaliyonyooka badala ya ncha ni aina nyingine, ya kupasulia. Jiwe lililovunjwa na maji huwa na kingo za duara na makovu yasiyo na mpangilio. Ukiweza hayo, sakafu ya korongo inabadilika mbele ya macho yako.

*Kufika.* Ni takriban kilomita 20 kutoka Iringa mjini kwa barabara ya Mbeya. Ukishuka kwenye gari la Mafinga, kutoka lami hadi langoni unatembea. Bajaji ya kukodi kutoka Ipogolo ni rahisi zaidi kwa familia.

*Kinachoharibu ziara.* Mvua. Korongo ni njia ya maji, na mvua iliyonyesha juu huko usipoiona inaweza kuleta maji chini ulipo wewe. Mzunguko wa nguzo una mchanga, mawe na sehemu za kuvuka, kwa hiyo kandambili waachie waliobaki nyumbani. Nenda asubuhi au baada ya saa 9 alasiri, mwanga ukiwa wa pembeni; mchana nguzo zinakosa vivuli na picha inatoka bapa. Na usiweke jiwe mfukoni. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda zana hizi, na shoka lililohamishwa halina tena thamani kwa mtafiti, kwa kuwa habari yake nusu ilikuwa kwenye udongo lilipolalia.

*Kinamfaa nani.* Hapa jicho na sikio vinagawana sawa. Anayependa mandhari ataridhishwa na nguzo hata asipojali historia, na anayependa historia atakaa kwenye zana. Ndiyo sehemu rahisi zaidi kwa kundi la watu wenye ladha tofauti.

3. Kalenga na fuvu la Mkwawa

*Ajabu yake.* Agosti 17, 1891, huko Lugalo, jeshi la Wahehe lilikivamia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, aliyejulikana kwa jina la Nyundo, na kukisambaratisha. Zelewski mwenyewe aliuawa. Wajerumani walirudi na mizinga, na Oktoba 30, 1894 wakaiteka ngome ya Kalenga. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, hakukamatwa. Aliendelea kupigana porini kwa karibu miaka minne huku kichwa chake kikiwa kimewekewa zawadi ya rupia 5,000, hadi Julai 19, 1898 alipojipiga risasi huko Mlambalasi ili asiingie mikononi mwao. Kichwa kilikatwa, fuvu likapelekwa Ujerumani.

Mpaka hapo ni historia ambayo watoto wengi wa Iringa wameisikia. Kinachofuata ndicho kinachowaacha watu midomo wazi. Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini Juni 28, 1919, una kifungu cha 246 chenye madai mawili tu: Ujerumani irudishe Kurani ya Khalifa Othman kwa mfalme wa Hejaz, na ikabidhi kwa serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Vyote ndani ya miezi sita. Hebu fikiria: mkataba unaochora upya mipaka ya Ulaya na kutoza fidia za vita, ndani yake kuna fuvu la mtu wa Uhehe. Wazo hilo lilitoka kwa Horace Byatt, mtawala wa Kiingereza katika nchi hii, aliyeona kwamba kulirudisha fuvu kungewavuta Wahehe upande wa watawala wapya.

Miezi sita ikawa miaka 35. Wajerumani walisema hawajui lilipo. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, penye mafuvu yapatayo 2,000. Kati ya hayo, 84 yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Akatumia uwiano wa upana na urefu wa fuvu: jamaa za Mkwawa walikuwa wamepimwa, na uwiano wao ulikuwa karibu asilimia 71. Fuvu moja lilikuwa na uwiano huo, na pia lilikuwa na tundu la risasi. Hilo ndilo alilokabidhi Juni 19, 1954 kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge.

Kwenye kigezo cha ushahidi, hapa pana la kusema wazi. Vita, tarehe na kifungu cha mkataba viko kwenye kumbukumbu za maandishi. Utambuzi wa fuvu lenyewe ulitegemea vipimo vya umbo na tundu la risasi, siyo vinasaba. Anayeuliza "je, ni lenyewe?" hamkosei mtu heshima, mradi aulize kwa adabu. Kwa Wahehe waliolipokea, fuvu lile lilihitimisha madai ya miaka mingi, na uzito huo haupimwi kwa rula.

*Unachokiona.* Makumbusho madogo yenye fuvu ndani ya kioo, silaha na vitu vya enzi hizo, na nje makaburi ya ukoo. Kwa jicho peke yake, dakika 20 zinatosha. Kwa maelezo ya mhifadhi, saa moja na nusu haitoshi.

*Kufika.* Takriban kilomita 15 kutoka Iringa mjini, kwa barabara inayoelekea Hifadhi ya Ruaha. Daladala zipo. Ukiwa na muda, anzia Boma ya Iringa mjini, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2016, upate picha ya jumla ya mkoa kabla ya kwenda kwenye jambo moja.

*Kinachoharibu ziara.* Haraka na utovu wa adabu. Vua kofia, shusha sauti, uliza kabla ya kupiga picha ya fuvu. Wajulishe watoto wadogo mapema kwamba wataona fuvu la mtu. Asiyejua hushtuka au hucheka, na vyote viwili huwaumiza wenyeji.

*Kunamfaa nani.* Anayesikiliza. Mwanafunzi wa historia, mzazi anayetaka mtoto ajue kwamba habari za kijiji zinaweza kufika Versailles, na mtu asiye na nguvu za kutembea. Hali ya hewa haikuhusu.

4. Ziwa Ngozi

*Ajabu yake.* Ni ziwa la kreta, yaani shimo lililoachwa na volkano, juu ya milima ya Poroto, lenye urefu wa kama kilomita 2.5 na upana wa kilomita 1.6, limezungukwa na ukuta wa msitu ambao kilele chake kinazidi mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Hakuna mto unaotoka nje kwa juu. Mlipuko wa mwisho unaojulikana hukadiriwa kutokea karne ya 15, kwa hiyo kwa hesabu za milima huyu amelala juzi tu. Watafiti waliopima maji wamekuta chumvi na kaboni dioksidi inayoingizwa na maji ya moto kutoka chini ya sakafu ya ziwa, na Kampuni ya Uendelezaji wa Jotoardhi Tanzania inalitafiti eneo hili kwa ajili ya umeme. Kwa taarifa tu: kaboni dioksidi inayotoka ardhini Rungwe huvunwa na kuuzwa viwandani, pamoja na vya vinywaji, kwa hiyo povu la soda unayokunywa Mbeya huenda limetokea chini ya volkano.

Yanayosimuliwa nayo ni matamu. Wako wanaosema ziwa hili lilikuwa Itende, karibu na Mbeya, likafukuzwa kwa jiwe lililochomwa moto likahamia mlimani. Wengine wanasema Wajerumani walificha mali ndani yake na nyoka anailinda. Msikilize mwongoza njia akisimulia, usimkatize.

*Unachokiona.* Maji ya kijani au samawati kulingana na mwanga, chini kabisa ya ukuta wa kreta. Hapa jicho linatosha. Hata asiyejua volkano ni nini atasimama kimya.

*Kufika.* Barabara ya Uyole kwenda Tukuyu, kisha njia ya ndani hadi unapoanzia msitu, halafu miguu. Kupanda huchukua saa moja na nusu hadi mbili kwa mtu wa kawaida, na sehemu ya mwisho ni mwinamo mkali wenye mizizi. Ondoka Mbeya saa 12 asubuhi.

*Kinachoharibu ziara.* Ukungu. Ukifika ukingoni saa 6 mchana, mara nyingi utaona pazia jeupe na ziwa hutaliona. Kiharibifu cha pili ni matope. Wakati wa mvua kila hatua mbili unarudi moja. Kushuka hadi majini ni kwa wazoefu walio na mwongoza njia tu, kwa sababu ukuta ni mkali na udongo unateleza. Na kwa vile hewa ya kaboni dioksidi ni nzito na hutulia mabondeni, usipige kambi kwenye vishimo karibu na maji.

*Linamfaa nani.* Vijana, wapenda milima, wapiga picha. Halimfai mwenye magoti mabovu, mjamzito, wala mtoto wa chini ya miaka minane asiyezoea kutembea.

5. Daraja la Mungu na Kijungu

*Ajabu yake.* Lava ilitiririka hadi mto Kiwira, ikaganda juu, na maji yakaendelea kula chini yake mpaka likabaki tao la mwamba. Kijungu, kilomita chache kutoka hapo, ni pale mto unapobanwa na kuzama kwenye shimo la mwamba. Mashimo ya namna hii huchimbwa na mawe yanayozungushwa na maji sehemu moja kwa karne nyingi.

*Unachokiona.* Vyote vinaonekana wazi, na kila kimoja ni cha nusu saa.

*Kufika.* Toka barabara kuu ya Mbeya–Tukuyu uulizie Chuo cha Magereza Kiwira. Kwa kuwa uko jirani na eneo la Magereza, jiandikishe unapotakiwa na usipige picha majengo wala askari.

*Kinachoharibu ziara.* Utelezi. Mwamba uliolowa pembeni ya Kijungu hauna pa kushika, na aliyeingia kwenye maji yale haokoleki. Mshike mtoto mkono muda wote, siyo kumwita tu.

*Vinamfaa nani.* Familia isiyotaka kupanda mlima, na aliyekwenda Tukuyu kwa shughuli nyingine.

Kuna watakaouliza mbona Kipunji na Hifadhi ya Kitulo hazimo. Kipunji, kima aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005 na mwaka uliofuata kupewa jenasi yake mwenyewe, ni ajabu ya kweli, lakini anaishi juu ya miti ya Rungwe na Livingstone na hujificha. Siku moja haitoshi kumtafuta, na kumwahidi mtoto ni kumdanganya. Kitulo nayo ni ya msimu wa maua, Desemba hadi Aprili. Ukienda Agosti utaona nyasi na baridi.

Uchague vipi kwa hali yako

Umelala Mbeya, una miguu mizuri, ni kati ya Juni na Oktoba: Ngozi asubuhi, na kama umeshuka kabla ya saa 7 mchana, endelea na barabara hiyohiyo hadi Daraja la Mungu. Kama ni Machi na mvua imekesha, acha Ngozi. Nenda Kimondo, ila uliza kwanza hali ya barabara ya ndani.

Una wazazi wazee waliokuja kutembea: Kimondo kwa aliye Mbeya, Kalenga kwa aliye Iringa. Kote gari linafika karibu.

Umelala Iringa na una siku nzima: unaweza kuona Isimila na Kalenga zote mbili. Anza Isimila saa 2 asubuhi kabla ya jua kali, rudi mjini kula, kisha Kalenga ambako uko chini ya paa. Barabara ni mbili tofauti, kwa hiyo lazima upite mjini; usihesabu kwamba ni njia moja.

Una nusu siku tu Iringa: mpenda kutazama aende Isimila, mpenda kusikiliza aende Kalenga.

Unaleta darasa la wanafunzi 40: Isimila wagawe makundi mawili, moja kwenye nguzo na moja kwenye zana, kisha wabadilishane. Kalenga chumba ni kidogo, kwa hiyo waingie kumi kumi huku waliobaki nje wakisomewa kifungu cha 246. Kimondo wape kazi ya kukokotoa uzito kwa vipimo watakavyochukua wenyewe kwa futi kamba, kabla mhifadhi hajawatajia jibu. Ngozi usiwapeleke 40 kwa pamoja. Njia ni nyembamba, na mwalimu aliye mbele hamwoni aliye nyuma.